Kushusha nyuma ya motokari: pesa kidogo, akili nyingi



Mara nyingi tunazungumza hapa juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, miwani, na miti inayoshika paa la shimo. Leo tunatoka nje ya mlango wa kampani. Kazi ikiisha, kila mmoja anatafuta kitu cha kumfikisha kwake: mmoja anakwenda kwa miguu, mwingine anapanda pikipiki, na wachache kati yetu wana motokari yao. Mtumishi aliyemaliza mwezi mzima shimoni bila hata mkwaruzo, kisha akavunjika mguu siku ya Mungu kwenye barabara ya Beni, ni mtumishi aliyevunjika mguu. Kitanda cha hospitali hakiulizi ajali ilitokea wapi.

Habari yetu ya leo ni hii: watu wengi wanataka kushusha nyuma ya motokari zao, na wanataka kufanya hivyo kwa pesa kidogo. Katika garaji za Butembo na Beni wanaokuja na ombi hilo ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kijana aliyeona motokari za chini chini kule Kampala, au katika picha, naye anataka yake ifanane nazo. Wa pili ni baba wa nyumba aliyenunua pikapu ya zamani ya mfanyabiashara. Pikapu hiyo ilikwisha kuinuliwa nyuma ili ibebe mizigo mingi, na sasa inarusha jamaa yake kama magunia.

Mimi niliyeandika ni wa namna ya pili. Nitawaeleza yaliyonipata, ili yasiwapate.

MOTOKARI ILIYOKUWA KINU

Nilingoja zamu yangu ya likelemba, nikaongeza akiba yangu, nikanunua pikapu ndogo kwa mtu aliyekuwa akishusha viazi kutoka Lubero. Mtu huyo alikuwa amefanya kama wengi wanavyofanya. Pikapu ilitoka kiwandani na lamu tano kila upande, yaani yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine kuwa resori. Yeye aliongeza lamu tatu kila upande. Tena, kati ya lamu na ponti ya nyuma, aliweka kipande kinene cha chuma. Bila mzigo, nyuma ilisimama juu kama mbuzi anayekunywa maji bondeni.

Siku ya kwanza bibi yangu alipanda na mtoto mikononi. Tulipofika sokoni aliniambia: « Baba watoto, hii si motokari, ni kinu. Na sisi humu ndani ni sombe. »

Nilikwenda kwenye garaji moja ya kando ya barabara. Jina lake si kazi ya ukurasa huu. Fundi alitazama, akasema: « Mukubwa, hiyo ni kazi ya saa mbili. Natoa lamu, natoa chuma, nashusha. Utanilipa mikono tu, hakuna chombo kipya cha kununua. » Neno hilo la « hakuna chombo kipya » lilinifurahisha sana. Tena mimi mwenyewe nilimwomba aondoe lamu moja zaidi, ili nyuma ikae chini vizuri. Kwa hiyo makosa si ya fundi peke yake.

Alitoa lamu nne kila upande, akatoa na kile kipande cha chuma. Akarudisha bridi zilezile za zamani, yaani vile vyuma vyenye umbo la U vinavyofunga lamu na ponti pamoja. Akakaza nati mpaka zikagoma. Nyuma ilishuka. Bibi alicheka, mtoto alilala njiani. Kwa wiki mbili tulikuwa watu wa raha.

Jumamosi ya wiki ya tatu, habari ya kilio ilitufikia kutoka Beni. Desturi mnaijua: hakuna anayekatazwa kupanda motokari ya kilio. Nyuma walikaa watu sita, na magunia mawili ya maharagwe, na sufuria, na mikeka. Mbele tulikaa mimi, bibi, na binti yetu wa miaka saba.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipopita Maboya, kwenye mteremko, nilisikia nyuma inagonga: ko, ko, ko. Nilisema ni mawe. Walioketi nyuma wakapiga bati kwa mikono: « Shofere, tunasikia harufu ya mpira! » Niliwajibu tutatazama huko chini. Huko chini hatukufika. Usukani niliushika sawa, lakini motokari ilianza kwenda upande, kama mbwa anavyokimbia. Nikakanyaga freni, nyuma ikataka kupita mbele. Tuligonga ukingo wa udongo upande wa kilima. Upande wa pili palikuwa bonde.

Binti yetu alivunjika mkono wa kuume. Shemeji yangu alipoteza meno mawili. Wengine walitoka na michubuko na hofu. Kilio tulichokuwa tukikiendea, hatukukiona.

TULIKOSEA WAPI?

Baada ya siku chache, fundi mkuu wa garaji yetu ya kazini alikuja kutazama pikapu. Alinionyesha makosa moja moja, na mimi nayaandika hapa kama alivyonionyesha.

Kosa la kwanza: bridi. Kipande cha chuma kilichotolewa kilikuwa na unene wa sentimita 5. Lamu nne zilizotolewa zilikuwa na unene wa milimita 8 kila moja, yaani zaidi ya sentimita 3 zote pamoja. Basi fungu lililobanwa na bridi lilipungua kwa sentimita 8. Lakini bridi ilibaki na urefu wake wa zamani, na nyuzi zake za kukazia hazikuwa na urefu huo. Fundi alipokaza, nati zilifika mwisho wa nyuzi na kugoma. Ziligoma kwa sababu nyuzi zimekwisha, wala si kwa sababu lamu zimebanwa. Mkononi ilionekana nati imekaza. Kwa kweli ponti ilikuwa imeshikwa na ule msumari wa katikati peke yake, ile buloni nyembamba inayopita ndani ya lamu zote. Kazi ya buloni hiyo ni kuonyesha ponti mahali pake tu. Kubeba nguvu si kazi yake. Siku ya mzigo mkubwa ilikatika, na ponti ikarudi nyuma upande mmoja.

Kosa la pili: kuondoa lamu ya kiwandani. Lamu tano za unene mmoja zinagawana mzigo kama watu watano wanaobeba mti. Ukimwondoa mmoja, wanne waliobaki watabeba kila mtu robo zaidi ya alivyobeba kwanza. Na chini ya mzigo uleule, nyuma itashuka robo zaidi. Ndiyo sababu ya ile ko, ko: ponti ilikuwa ikigonga mpira wa kuzuia ulio chini ya shasi. Ndiyo sababu ya ile harufu: gurudumu lilikuwa likisugua bati.

Kosa la tatu: kupakia kama zamani. Motokari iliyoshushwa haina haki ya mzigo wa motokari iliyoinuliwa. Mimi nilishusha nyuma, lakini desturi ya kupakia sikuishusha.

Kosa la nne: kutokukaza tena. Bridi iliyofunguliwa na kurudishwa lazima ikazwe mara ya pili baada ya kilomita 50 mpaka 100, kwa sababu lamu, rangi na kutu vinajibana vikikaa mahali pao. Mimi nilitembea wiki mbili bila kuinama hata mara moja kutazama.

Kosa la tano ni la shofere: motokari ilinionya kwa sauti na kwa harufu, nami nikasema « huko chini ». Shimoni, mti ukilia, je, unasema utautazama baada ya zamu?

NJIA ZA BEI NDOGO ZINAZOUA

Wenzetu wengine wana motokari zenye resori ya mviringo, ile iliyozungushwa kama nyoka. Kwa hizo mafundi wa haraka wana njia zao. Tuzitazame.

Kuchoma resori kwa moto wa gesi. Fundi anaelekeza moto kwenye resori hadi iwe nyekundu, nyuma inajishukia yenyewe. Kazi ya dakika kumi, na pesa kidogo sana. Lakini resori ni chuma kilichopikwa kiwandani kwa kipimo: kinapashwa moto sana, kinapozwa ghafula, kisha kinarudishwa kwenye moto wa digrii 400 mpaka 500 hivi ili kiwe kigumu na cha kunyumbuka pamoja. Chuma kikionekana chekundu kimekwisha kupita kipimo hicho. Mahali palipochomwa panakuwa laini, na kando yake panaweza kuwa pa kuvunjika kama kigae. Resori hiyo itaendelea kulala siku kwa siku, upande mmoja zaidi ya mwingine, au itakatika kwenye shimo la barabara. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha hali yake kwa macho. Resori iliyochomwa ni ya kutupwa.

Kufunga mizunguko ya resori kwa waya au kwa vyuma. Waya unakatika, nyuma inaruka juu ghafula katikati ya kona. Tusipoteze maneno juu ya njia hii.

Kukata resori. Hapa tuseme kweli yote, maana wengine wamekata na wanatembea. Ukikata mzunguko mmoja, resori inakuwa fupi, lakini inakuwa ngumu pia. Resori yenye mizunguko minane inayofanya kazi ikibaki na saba, ugumu wake unaongezeka kwa sehemu 14 katika 100. Ndiyo maana motokari iliyokatwa resori inashuka na kurusha pamoja. Ubaya mkubwa ni mwisho wa resori. Mwisho uliotoka kiwandani umetengenezwa ulale katika kikombe chake; mwisho uliokatwa ovyo haulali vizuri. Tena resori fupi inaweza kulegea gurudumu likining'inia juu ya shimo, na kutoka mahali pake. Kuna resori ambazo miisho yake yote miwili imebanwa na kulazwa: hizo hazikatwi kabisa. Na ile inayoweza kukatwa, inakatwa kwa mashini ya kukatia chuma, polepole, pamoja na maji. Haikatwi kwa moto. Shauri letu: usikate. Tafuta resori fupi ya motokari ya namna ileile katika vyombo vya mkono wa pili.

Kuweka vipande vya mbao. Katika motokari ambazo ponti imekaa juu ya lamu, kipande kilichowekwa katikati kinashusha nyuma. Pale ambapo lamu ziko juu ya ponti, kama pikapu yangu, kipande hichohicho kinainua. Tazama kwanza yako ni ya namna gani. Lakini kwa namna yoyote, kipande kiwe chuma imara, kimoja tu kila upande, chenye shimo na kichwa cha kushika ile buloni ya katikati. Mbao inapasuka na kuoza. Vipande viwili vilivyopandana vinateleza.

Kuondoa mpira wa kuzuia ili nyuma ipate nafasi. Mpira huo ndio ngao ya mwisho. Ukiuondoa, chuma kinagonga chuma, na mfereji wa freni unaweza kubanwa katikati.

NAMNA YA KUFANYA VIZURI KWA PESA KIDOGO

Kwa motokari nyingi za huku kwetu, njia ya bei ndogo kuliko zote ndiyo njia nzuri kuliko zote: kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Motokari zetu nyingi zilipitia mikono ya wenye biashara, nao waliziinua. Basi kabla ya kushusha, tazama ni nini kilichoongezwa. Ondoa kilichoongezwa, na usiondoe kilicho cha kwake.

1. Pima. Simamisha motokari mahali sawa, bila mzigo. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bati juu yake, pande zote nne. Andika. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, kuna resori iliyochoka au lamu iliyovunjika. Tengeneza hiyo kwanza.

2. Jua hesabu ya kwanza. Tafuta motokari ya namna ileile ambayo haijaguswa, uhesabu lamu zake. Lamu iliyoongezwa mara nyingi inajulikana: rangi yake, upana wake au mkunjo wake haulingani na wenzake.

3. Inua kwa usalama. Weka mawe au mbao nene mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua kwa kriki, kisha weka shasi juu ya vigogo imara. Kriki ni ya kuinua. Si ya kushikilia. Usiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota nati. Watoto wakae mbali. Vaa miwani: kutu ya lamu inaingia machoni kama vumbi la mwamba.

4. Fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, na ponti iwe imeshikwa kutoka chini na kriki ya pili. Lamu zimejaa nguvu hata zikiwa zimelala kimya. Buloni ya katikati ikifunguliwa bila kubanwa, zinaruka. Zibane kwanza kwa vibanio viwili vya chuma, kisha ulegeze polepole.

5. Nunua bridi za urefu unaofaa, na nati mpya, na buloni mpya ya katikati. Hapo ndipo pesa yako inatakiwa kwenda. Ukiwa na pesa ya chombo kimoja tu, nunua bridi. Baada ya kukaza, hesabu nyuzi zilizobaki: lazima ubaki uzi mtupu chini ya nati, upande wa lamu, ili ujue nati imebana lamu na haikugoma kwenye mwisho wa uzi.

6. Kaza kwa zamu, kama unavyokaza nati za gurudumu: hapa kidogo, ng'ambo kidogo, mpaka zote zilingane.

7. Tazama amortisere. Kwa motokari iliyoinuliwa, mara nyingi waliweka ndefu zaidi. Nyuma ikishuka, hizo ndefu zinafika mwisho na kupasuka, au zinapiga shasi. Rudisha za urefu wake.

8. Kabla ya kutoka, pakia watu wanne nyuma motokari ikiwa imesimama, uiname utazame: gurudumu lina nafasi? Mfereji wa freni haukuvutwa wala kubanwa? Bomba la moshi haligusi ponti? Kati ya ponti na mpira wa kuzuia unaingiza ngumi? Kama jibu moja ni hapana, kazi haijaisha.

9. Kaza tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Basi ni rahisi kukumbuka: safari moja ya Beni, na ukifika, kabla ya kula, ufunguo mkononi.

TAA NA FRENI

Kuna mambo mawili yanayosahauliwa hata na mafundi wazuri.

Taa. Nyuma ikishuka, mbele inatazama juu. Tuseme kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 2 na nusu, nawe umeshusha nyuma kwa sentimita 5. Mwangaza wako, mita 50 mbele, umepanda mita nzima. Taa ndogo uliyodhani inaangaza barabara sasa inaangaza macho ya shofere anayekuja. Katika kona za Kabasha usiku, shofere wa lori asiyeona ni hatari kwako kwanza. Simamisha motokari mbele ya ukuta, rekebisha taa kwa bisibisi. Kazi hiyo haina gharama.

Freni. Pikapu na motokari nyingi za mizigo zina kifaa kidogo kilichofungwa kwenye shasi, chenye mkono unaoshuka hadi kwenye ponti. Nyuma ikishuka kwa uzito, mkono unasukumwa, na freni za nyuma zinapewa nguvu zaidi, kwa sababu kifaa kinaamini motokari imebeba. Ukishusha nyuma bila kurekebisha mkono huo, kifaa kinadanganyika. Motokari tupu inapata freni ya motokari iliyojaa, magurudumu ya nyuma yanagoma kabla ya yale ya mbele, na kwenye matope nyuma inazunguka. Mwambie fundi arekebishe, kisha jaribu freni mahali peupe kabla ya kuingia barabara kubwa.

Mwaka 2021 serikali za Kongo na Uganda zilianzisha kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi mpaka Beni, kilomita 80, na ile ya Beni mpaka Butembo. Tunafurahi. Lakini tukumbuke: kwenye mashimo, motokari mbovu inaharibika kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye lami, inaharibika kwa kilomita 80 kwa saa.

MGONGO WA MTU

Kwa nini nilitaka kushusha? Kwa ajili ya migongo yetu, na sababu hiyo ilikuwa nzuri. Waganga wanajua tangu zamani kwamba mtu anayetikiswa kila siku, awe shofere wa lori, wa tingatinga au wa mashini ya shimoni, anaumwa kiuno kuliko wengine. Motokari iliyoinuliwa kwa lamu nyingi, ikitembea tupu, inatikisa hivyo. Lakini iliyoshushwa mpaka inagonga inatikisa vibaya zaidi, maana kila pigo la ponti linapanda moja kwa moja katika uti wa mgongo. Dawa iko katikati: resori za kwake, amortisere nzima, magurudumu yasiyojazwa upepo kupita kipimo, na kiti kisichobonyea.

Mama mwenye mimba asikae juu ya ponti ya nyuma wala juu ya magunia. Akae mbele, mkanda upite chini ya tumbo. Katika safari ndefu simama kila saa mbili, utembee kidogo. Mtu akiumwa kiuno, kisha miguu ikafa ganzi au akashindwa kuzuia mkojo, asingoje kukandwa nyumbani: aende hospitali siku hiyohiyo.

KWA VIJANA WETU

Hatuwakatazi uzuri. Kijana mwenye motokari safi anajua kutunza kitu. Lakini tuwaambie habari moja. Kule California, Marekani, vijana walishusha motokari zao mpaka zikakwaruza chini. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya huko ilikataza motokari ambayo sehemu yake yoyote imeshuka chini ya ukingo wa chini wa rimu. Maana yake ni rahisi: upepo ukiisha ghafula katika gurudumu moja, motokari isimame juu ya rimu, isilale juu ya tumbo lake. Kijana mmoja wa huko, Ron Aguirre, mwaka 1959 aliweka pampu za mafuta zinazoinua motokari na kuishusha, ili awe chini akitaka na juu sheria ikipita.

Pampu hizo si za mfuko wetu. Lakini ile kanuni ya rimu ni ya bure. Shuka kidogo, bakisha nafasi ya mashimo yetu, na chuma chochote kisishuke chini ya rimu. Kumbuka pia kwamba barabara ya Kampala si barabara ya Butembo wakati wa mvua. Motokari iliyokwama kwa tumbo jioni, mbali na kijiji, si mapambo tena. Siku hizi kila mtu anajua kwamba barabara zetu si mahali pa kulala.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu watu karibu milioni 1 na laki 2 waliokufa barabarani mwaka 2021, katika dunia yote. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, barabara inaua kuliko ugonjwa wowote. Sheria yetu tangu mwaka 1973 inamlazimisha kila mwenye motokari kuwa na bima ya kulipa anaowadhuru. Lipa bima yako. Lakini bima inalipa pesa. Mkono wa mtoto haikuvunjikia wala haikuponyea.

USISAHAU

Ondoa kilichoongezwa, usiondoe kilicho cha kiwandani.
Resori haichomwi moto.
Bridi fupi zinazofaa, nati mpya, buloni mpya.
Kriki inainua, vigogo vinashikilia.
Umeshusha nyuma? Shusha taa, rekebisha freni, punguza mzigo.
Kaza tena ukifika Beni.
Sauti mpya na harufu mpya: simama hapohapo.

Pikapu yangu imerudi barabarani. Ina lamu tano kila upande, na bridi za urefu wake. Nyuma imekaa pale kiwanda kilipoitaka ikae. Ndani ya mlango nimeandika kwa rangi uzito inaoruhusiwa kubeba, na ndugu wanaopenda kilio wamekwisha kuusoma. Mkono wa binti yetu ulipona baada ya wiki sita za plasta. Lakini kila anapopanda, kabla mlango haujafungwa, ananiuliza: « Papa, nati zimekazwa? »

Zamani ningemjibu ndiyo nikiwa nimekaa kwenye kiti. Sasa nashuka, nainama, natazama, ndipo namjibu.